Pedali ya breki inazama taratibu: badilisha masta

Kaka, kama pedali inazama taratibu ukiikanyaga gari limesimama, na magurudumuni hakuna panapovuja, raba za ndani ya masta silinda (pampu inayosukuma oili ya breki kwenda magurudumuni) zimekwisha. Kama una safari ya Iringa, iahirishe. Nyang'oro, kwenye barabara ya Iringa–Dodoma, si mlima wa kujaribia breki, nakuomba sana.

Kubadilisha raba pekee sikushauri. Gari la zamani silinda huwa imeliwa na kutu, raba mpya zitachanika mapema. Nunua masta nzima. Kabla ya kuifunga, ibane kwenye vaisi (kibanio cha mezani), ijaze oili ya breki, sukuma pistoni yake polepole mpaka mapovu yaishe. Mafundi wengi huruka hapa, kisha wanahangaika na upepo (hewa iliyonaswa kwenye oili ya breki) kutwa nzima. Halafu toa upepo magurudumu yote, ukianza na lililo mbali zaidi na masta. Oili ifuate maandishi ya mfuniko wa kopo la oili ya breki kwenye gari, daraja la DOT 3 au DOT 4, na itoke kwenye chupa isiyofunguliwa.