Taa za LED kwenye helmeti ya maigizo: anza na macho ya anayeivaa

Mwaka jana mpwa wangu alipewa nafasi ya roboti kwenye igizo la kufunga shule. Helmeti tuliitengeneza nyumbani, hapa Mwanga, Kigoma: boksi la sabuni, magazeti na uji wa ngano, tabaka juu ya tabaka, kisha siku tatu juani. Nikachomeka LED nne nyeupe kuzunguka matundu ya macho. Jioni nikawasha, akapiga hatua mbili, akasimama. "Mjomba, sioni kitu."

Nilipoivaa mwenyewe nikaelewa. Mwanga ulikuwa unapenya nyuma ya taa na kugonga boksi ndani, unarudi moja kwa moja machoni. Mtoto angeanguka jukwaani.

Tukazing'oa zote. Ndani tukapaka rangi nyeusi isiyong'aa. Nje, juu ya macho, nikabandika mfereji mwembamba wa boksi, nikazilaza LED humo na kuziba mgongo wake kabisa. Usitandike karatasi ya fedha. Inapitisha umeme, miguu ya taa ikiigusa ni shoti. Karatasi nyeupe inatosha. Mbele nikafunika kwa kipande cha dumu jeupe la mafuta ya kula, nikakisugua kwa msasa. Hapo vile vidoa vinne vikali vikawa mstari mmoja laini, na huo ndio uzuri niliokuwa nautafuta.

Hesabu yake si ngumu. LED nyeupe hula kama volti 3. Ukiunga mbili kwa mfululizo kwenye betri ya volti 9, zinabaki volti 3. Gawa kwa ampia 0.02, mkondo wa kawaida wa LED ndogo, unapata rezista (kipande kinachopunguza umeme) ya omu 150. Mimi naweka 330, yenye mistari ya chungwa, chungwa, kahawia: mwanga unakuwa mpole na betri inadumu zaidi. Kila jozi iwe na rezista yake. Mguu mrefu wa LED ni chanya.

Kinachoharibika sana ni maungio, kwa sababu helmeti inavaliwa na kuvuliwa mara nyingi. Hilo nilifundishwa na fundi mmoja wa Kibirizi anayetengeneza taa za wavuvi wa dagaa, taa zinazotikiswa na mawimbi usiku kucha. Haachi waya uvute lehemu. Anauacha ulegee kidogo, kisha anaugandisha kwa gundi upana wa kidole kutoka kwenye ungio. Nimemfuata, na hakuna waya uliokatika tena.

Betri ikae kisogoni au mfuko wa shati, kamwe si kwenye paji. Inavuta helmeti mbele. Na betri za simu zilizochakaa usiziweke karibu na kichwa cha mtoto, hata ukipewa bure. Zikipata shoti zinaweza kuwaka moto.

Siku mbili kabla ya igizo mvalishe, zima taa za nyumba, mwambie ashuke ngazi. Wa kwetu alishuka zile za baraza bila kushika ukuta.