Anayepiga deki yuko chama gani?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Vyama vya wafanyakazi vina faida gani kwa mtumishi wa serikali wa leo?" Mimi ni muuguzi, mwanachama kwa miaka 19, na kwa miaka 6 nilikuwa mwakilishi wa tawi hospitalini kwetu. Nilitaka kujibu kwa mstari mmoja kwamba faida ipo, nikalale. Mei Mosi ya 2025 kule Singida, Rais Samia alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara serikalini kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Aliyeionja ile miaka ya kabla ya 2022, tunarudi kutoka uwanjani Mei Mosi bila nyongeza, na fulana na kofia tu, haniambii kwamba kudai ni kazi bure.

Lakini hilo neno "mtumishi" limenikaba. Wodini kwangu mtumishi ni nani?

Mama yangu alikuwa mhudumu wa hospitali. Alipiga deki, akabeba mabeseni, akafua mashuka, na alikuwa mwajiriwa wa serikali mwenye likizo na pensheni. Kiinua mgongo chake ndicho kilichoezeka nyumba ninayolala nikienda kumwona. Kazi ileile leo inafanywa na watu wa mzabuni, wanaovaa ovaroli yenye jina la kampuni mgongoni.

Mwaka 2019, usiku wa kuamkia Mei Mosi, nilikuwa zamu leba. Fulana za tawi zilikuwa kwenye boksi chini ya meza, nizigawe asubuhi kabla ya basi. Mama wa usafi wa zamu ile, mtu mzima kunizidi, alikuwa amepiga magoti anafuta damu chini ya kitanda cha pili. Dekio lilikuwa limekatika mpini, kwa hiyo alikamua kitambaa kwa mkono, na glavu yake ya kulia ilikuwa imechanika kidole gumba. Nikampa glavu zetu. Akazivaa juu ya zile zile mbovu, kisha akaniuliza, bila kuinua kichwa: "Sista, hizo fulana na sisi zinatuhusu?"

Nikamwambia ni za wanachama. Akasema sawa. Akaendelea kufuta. Baadaye, tukinywa chai ya rangi saa tisa usiku, ndipo akanieleza kwamba ana mwezi wa tatu hajalipwa na amekuja kwa miguu, kwa sababu nauli aliyobakiza ni ya mtoto kwenda shule. "Sasa sisi chama chetu kipi?"

Asubuhi sikupanda basi. Nilikwenda ofisi ya utawala, nikajibiwa wale si watumishi wetu, wana mwajiri wao. Nikampigia msimamizi wa kampuni, naye akasema hospitali haijalipa ankara. Nikarudi utawala, nikaambiwa ankara ina kasoro, irekebishwe. Mchana ukaisha hivyo. Kikao cha tawi kilichofuata niliomba jambo lile lijadiliwe, likaandikwa chini kabisa, kwenye Mengineyo, na tulipofika Mengineyo watu walikuwa wameshasimama kuchukua soda. Tulichanga shilingi 26,500. Alizipokea kwa mikono miwili, na ile mikono miwili ndiyo iliyoniumiza kuliko yote.

Kinachonikera hadi leo ni ujinga wangu mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimbagui mfanyakazi wa mzabuni. Naye ana haki ya kujiunga na chama. Madai ya mshahara hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Mwakilishi mzima nilikuwa sijui. Siku zilipita tukichangishana. Zabuni ilipokwisha ikaja kampuni nyingine, na yule mama hakurudi.

Nilipoanza kuandika nilikuwa natetea chama. Hapa katikati nikataka kusema tukifunge, kwa sababu kinachowasahau wanaotusafishia damu kinatetea mshahara tu, hakitetei kazi. Sasa nimetulia kidogo. Sitajitoa, na makato yangu yaendelee. Tena, ingawa mama yangu hatapenda kulisikia hili, sidai kila mfagizi arudishwe kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Nimeona wodi zikiwa safi zaidi chini ya mzabuni makini kuliko siku zile mhudumu anakwenda likizo na hana wa kumshikia. Ninachodai ni kidogo: ankara ya mzabuni isilipwe mpaka aambatishe uthibitisho kwamba watu wake wamelipwa mwezi uliopita na michango yao ya NSSF imepelekwa, na hospitali nayo ikichelewesha malipo iwajibike. Labda hilo nalo lina mianya yake; wanaojua manunuzi ya umma watanisahihisha.

Wiki iliyopita nilimwandikia katibu wa tawi letu kuomba suala hili liwe ajenda ya tatu ya kikao kijacho, kabla ya fulana. Amejibu kwamba ameipokea barua na ataona uwezekano wa kuliweka kwenye Mengineyo.