Gari na Barabara: Prado, tela na magunia ya Mang'ola

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nafanya biashara ya vitunguu, natoa Mang'ola naleta Arusha pale soko la Kilombero, mpaka sasa nakodi Canter na kodi inanimaliza. Nyumbani tuna Prado ya petroli, ya oto, nikaona nichomelewe tela la ekseli moja hapa mtaani, limetoka zuri na chuma chake kizito, nataka niwe napakia magunia 15. Breki halina ila watu wananiambia Prado inavuta chochote. Ni kweli? Mama Glory, Sakina, Arusha.

JIBU: Marahaba mama Glory. Kuvuta itavuta, hapo hawajakudanganya, kwenye ile tambarare ya kuanzia Mto wa Mbu hadi Makuyuni utaona kawaida kabisa. Mimi wasiwasi wangu ni pale unapotoka Karatu unaanza kuteremka ule ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Mto wa Mbu, kona zipo, malori yanapanda, mabasi ya watalii yanapanda, na nyuma yako kuna karibu tani mbili zinakusukuma na breki zote unazo wewe mbele. Nakuomba sana usiingie mlima ule hivyo.

Tupige hesabu. Gunia halali la mazao halizidi kilo 100, lakini wewe unajua kuliko mimi lumbesa inavyoshonwa, kwa hiyo usihesabu magunia, pima. Hata yakiwa kilo 100 kamili, 15 ni kilo 1,500, tela la chuma kizito tuseme kilo 400, jumla 1,900. Prado nyingi kitabu chake kinaruhusu kati ya tani 2.5 na 3 kutegemea injini na mwaka, watu wanaishia kusoma hapo, ila hiyo ni kwa tela lenye breki zake lenyewe. Lisilo na breki ni kilo 750 tu, tela na mzigo kwa pamoja. Toa 400 ya chuma unabaki na 350, yaani magunia matatu na nusu. Najua inauma maana hela ya kuchomelea umeshatoa.

Cha kufanya, mrudie fundi akufungie ekseli yenye ngoma za breki. Zipo zile ambazo gari ikipunguza mwendo tela linasukuma mbele, kile chuma cha mbele kinaingia ndani kidogo na kuvuta waya wa breki, hazihitaji umeme wala ujanja, na zinakuja na hendibreki ya kulizuia ukilifungua. Muulize pia matairi. Mzigo wa 1,900 kwenye ekseli moja maana yake kila tairi linabeba karibu tani nzima, na tairi lililotoka kwenye gari ndogo halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mimi ningeanza na magunia 10 yaliyopimwa.

Kupakia nako kuna kanuni. Uzito mwingi ukae mbele kidogo ya ekseli, na pua ya tela, pale linaposhikana na gari, ikandamize gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, kwa magunia yako 10 pamoja na tela ni kilo 140 kwenda juu kidogo. Chukua ule mzani wa jukwaa mnaopimia magunia, tela likiwa limepakiwa na limesimama sawa, simamisha gogo juu ya mzani na uweke pua juu yake, ifikie urefu wa kile kichwa cha duara cha gari kinachoshika tela, usome. Ikija kilo 60 sogeza magunia mbele. Ikizidi sana gari inakaa nyuma, taa zinaangaza juu ya miti na usukani unakuwa mwepesi mno, hapo rudisha gunia moja nyuma. Na kumbuka hizo kilo 140 ni kama abiria wawili kwenye buti, kwa hiyo usipakie na buti tena.

Sasa mlima. Pale juu kabla hujaanza kushuka, toa gia kwenye D weka 2 au L, injini ikushikilie, usisubiri mpaka gari ishakimbia ndio uhangaike na gia. Breki kanyaga kwa nguvu kidogo, mwendo ukishuka achia, zipumue, ukanyage tena. Ukiweka mguu juu yake mlima mzima zinachemka, oili ya breki nayo ikichemka pedali inazama mpaka chini na hakuna kitu. Ukisikia harufu ya kuungua tafuta pa kuegesha, acha zipoe zenyewe, usimwagie maji. Ukifika Makuyuni simama uzunguke, sogeza mkono karibu na kati ya kila gurudumu la tela, moja likiwa na moto kuliko mwenzake bearing au breki inabana, usiendelee. Oili ya giaboksi ibadilishe mapema kuliko kawaida, gari ya oto ikivuta mzigo inachemsha sana.

SWALI: Fundi, nikiwa natoka Moshi kwenda Arusha na tela, nikipita Boma Ng'ombe huku kwenye upepo lori likinipita tela linaanza kucheza kulia kushoto, linavuta gari nyuma. Nikifunga breki linazidi. Nifanyeje? Msomaji wa Majengo, Moshi.

JIBU: Kaka, ulivyofanya ndivyo wengi wanavyopinduka. Likianza, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, usijaribu kulifuata linavyocheza, breki usikanyage kabisa na usiongeze mwendo ukidhani utalinyoosha, litatulia mwendo ukishuka. Halafu egesha, fungua turubai uangalie mzigo, nina uhakika karibu wote mzito uko nyuma ya ekseli. Hamisha. Angalia na upepo wa matairi ya nyuma ya gari, yakiwa laini yanasaidia huo mchezo. Mwendo usivuke 80, na minyororo miwili ya usalama ipitishe kwa kukatisha msalaba chini ya kiungio, ili pua ikichomoka idakwe isichimbe lami.