Je, ala ndiyo inayonitungia wimbo?

SWALI: Nikitunga kwa kinanda, nyimbo zangu hutoka taratibu na za huzuni. Nikishika gitaa, mkono unakimbilia mdundo wa haraka. Ni mimi ninayetunga au ni ala?

JIBU: Ala ina mkono wake humo, tena mkubwa. Huenda kinanda chako umekiacha kwenye sauti ya fidla nyingi. Sauti hiyo huingia polepole na hudumu muda wote kidole kinapobonyeza, basi unaweza kushikilia kodi moja (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) kwa mapigo 8 bila kuhisi upungufu. Noti ya gitaa hulipuka pale unapogusa uzi, kisha hufifia, hivyo mkono hurudi upesi kujaza ukimya.

Chukua kodi 4 za wimbo wako mmoja. Zicheze kwa sauti ya piano, kisha ogani, kisha marimba, dakika 10 kila moja, huku ukirekodi kwa simu. Kwenye marimba sauti hukatika haraka mno, kwa hiyo utalazimika kuzivunja kodi ziwe noti mojamoja, na hapo ndipo melodi mpya hujitokeza. Usirukeruke sauti kila dakika. Utamaliza jioni nzima ukichagua sauti na hujatunga kitu.

Kwenye gitaa, legeza uzi mnene wa E mpaka ufike D. Ukipiga kodi ya D, besi inanguruma chini yake, na vidole vinatoka kwenye njia vilizozizoea. Nyuzi zilizochakaa usizitupe haraka: zimepoteza mng'ao wa juu, lakini kwa wimbo wa kunong'ona zinapendeza kweli.