Mnataka kuhama Dar? Nendeni wote wawili mkaukague mji

Ujumbe umeingia kutoka kwa mama mmoja wa Mbezi. Mume wake amepata kazi Dodoma, anatakiwa kuripoti baada ya mwezi na nusu, na tayari ameshaongea na dalali kwa simu. Mama anauliza: Dodoma pakoje? Namjibu hapa mbele ya wote, kwa sababu swali hili huulizwa sana, na mara nyingi anayeuliza ni yule ambaye mwenzake ameshaamua.

Dodoma pako namna nyingi. Anayefanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, kilomita zisizopungua 15 mashariki ya katikati ya mji, akipanga Nkuhungu atauvuka mji mzima kila asubuhi. Wa Chuo Kikuu cha Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa atastarehe Iyumbu. Kama mmoja yuko Mtumba na mwingine anatafuta kazi mjini, basi tazameni Ilazo, Kisasa au Nzuguni. Arusha ni hivyo hivyo: Usa River na Ngaramtoni ziko pande mbili tofauti, na ukikosea upande umejifunga kwenye foleni mpaka mkataba uishe. Kwa hiyo msikague mji. Kagueni mtaa mmoja, na njia ya kila mmoja wenu kutoka mlangoni mpaka anakokwenda.

Na kabla ya yote, kubalianeni jambo hili: asiye na kazi kule ndiye mwenye kura nzito. Mwenye barua ya ajira atakuwa na wenzake, mshahara na shughuli tangu siku ya kwanza. Anayemfuata ataacha wateja, duka, vikoba, dada wa kumwachia mtoto. Huyo asiposhiriki kukagua, ndoa italipia.

Tengeni siku nne. Fikeni Jumamosi, ondokeni Jumatano. Usafiri si kisingizio tena kwa Dodoma: treni ya SGR imeanza safari hizo mwaka 2024, nauli iliyotangazwa kwa daraja la kawaida kutoka Dar ni shilingi 31,000, hivyo kwenda na kurudi wawili ni 124,000. Msilale hoteli ya katikati ya mji. Laleni gesti iliyo ndani ya mtaa mnaoufikiria, maana usiku ndio utakaowaambia kama kuna baa ukuta kwa ukuta, mashine ya kusaga inayowashwa alfajiri, au giza totoro kuanzia kituo cha daladala. Saa mbili usiku mke ashuke kituoni atembee mpaka gesti, mume akimfuata kwa mbali. Mke akisema njia hiyo haifai, haifai. Msijadiliane.

Jumapili ni ya soko na ibada. Sokoni nendeni na orodha ya vitu mnavyonunua kweli nyumbani kwenu: unga kilo 5, mchele kilo 5, mafuta lita 3, sado ya nyanya, mtungi wa gesi wa kilo 15. Andikeni bei zote, mjumlishe, mlinganishe na za kwenu. Mtu akiwaambia mji fulani ni rahisi bila kukutajia bei, huyo hajakuambia kitu.

Jumatatu ndiyo siku yenyewe. Mwenye kazi atoke saa 12:30 asubuhi kama anakwenda kazini, apande daladala ya kweli, ahesabu dakika na nauli. Bodaboda ya shilingi 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, kwa siku 22 za kazi, ni 132,000 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya chumba. Mwenzake asibaki gesti kuangalia simu. Kama ni fundi cherehani au ana saluni, akae kwenye saluni mbili tatu, asuke nywele, aulize fremu inapangishwaje. Kama ni mtumishi wa umma, aende ofisi ya utumishi ya halmashauri aulize kama kuna nafasi ya kada yake. Kumfuata mwenza ni sababu inayotambulika, na maombi hupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, lakini cheti cha ndoa peke yake hakitoshi pasipo na nafasi. Walimu na wauguzi wengi hufanikiwa kwa kupata mwenzao wa kubadilishana naye kituo. Na uhamisho wa kuomba mwenyewe unagharamiwa na mtumishi, kwa hiyo pesa ya lori itoke mfukoni kwenu.

Hapa wanaokwenda Arusha wawe makini zaidi. Ukienda Agosti utaona magari ya watalii yamejaa, utaambiwa kazi zipo. Zipo kweli, Agosti. Mvua za masika zikiingia, Aprili na Mei, wageni hupungua, na wa vibarua ndio huambiwa wapumzike kwanza. Anayefuata mwenzake kwa tumaini la kazi ya utalii aende akaulize Aprili. Na ndiyo kanuni ya kila mji: nendeni msimu wake mbaya. Dodoma mwezi wa kumi, wakati mvua haijanyesha tangu Mei na vumbi linaingia mpaka kabatini. Arusha masika kwa sababu ya tope, au Julai kama mna mtoto anayebanwa na kifua kwa baridi. Tanga Februari, joto linapobana. Dodoma ina jambo lingine: wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni, gesti hujaa na bei hupanda. Kama mnataka kujua foleni, nendeni wakati huo. Kama pesa ni ya kubana, epukeni.

Sasa maji, maana hapo ndipo wengi huumia.

Msiulize jirani kama maji yapo. Kila mtu atasema yapo. Ulizeni yanatoka siku gani, saa ngapi, na mara ya mwisho yalikatika siku ngapi. Watu wanne wakitumia lita 60 kila mmoja ni lita 240 kwa siku, kwa hiyo tenki la lita 1,000 linawabeba siku nne tu. Mtaa wenye mgao wa mara moja kwa wiki unadai tenki la 2,000, na liwe juu ya mnara; tenki lililowekwa chini bila pampu ni ndoo kubwa tu. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na ni magumu. Nendeni na kipande cha sabuni ya mche, mnawe bombani. Povu likikataa kuumuka na mikono ikabaki inanata, mjue sabuni ya kufulia itaongezeka. Ombeni kuona ndani ya birika la mpangaji: ukoko mweupe uliogandia chini ndio utakaoziba hita ya bafuni.

Arusha tatizo ni kubwa kuliko hilo. Maji ya miteremko ya Mlima Meru yana floraidi, madini ya asili yaliyoyeyuka ndani yake, na sehemu nyingine ni nyingi mno. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya mtoto hutoka na madoa ya kahawia yasiyosafishika, kwa sababu huharibiwa yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, na ikizidi sana kwa miaka mingi hugusa mifupa. Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki na kukolea. Chujio la kawaida la mshumaa nalo haliishiki. Mkaa wa mifupa unaishika, na kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, huko huko Arusha, kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Ulizeni chanzo: bomba la mamlaka, au kisima cha mwenye nyumba? Kama ni kisima, dai karatasi ya vipimo. Kisha watazameni meno ya mbele ya watoto wa miaka minane hadi kumi na miwili waliozaliwa mtaa huo huo. Mwenye mtoto mchanga asipuuze hili kwa sababu nyumba ina marumaru nzuri.

Mwanza sina mengi: ukipewa nyumba ya bei nafuu milimani, Mabatini au Igogo, pandeni mpaka mlangoni kwa miguu mkiwa na mzigo. Pikipiki mara nyingi haifiki, na friji itabebwa na watu. Kiseke na Buswelu zina nafasi zaidi.

Dalali aje Jumanne, wa mwisho. Akija wa kwanza atawapeleka alikonazo nyumba, nanyi mtaanza kujishawishi. Wengi hudai hela ya kuonyesha, kisha kodi ya mwezi mmoja mkipata. Nyumba ya 300,000 kwa miezi sita ni 1,800,000, na dalali 300,000: milioni mbili na laki moja kabla ya lori. Ombeni miezi mitatu, hata kama mwenye nyumba ataongeza kidogo kwa mwezi. Ulizeni mita ya LUKU ni ya nani. Nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi ikiwa kwenye bei ndogo, shilingi 5,000 hutoa uniti 41 hivi. Kwenye bei ya kawaida hutoa 14. Familia tatu zikishea mita, hiyo bei ndogo isahauni. Nunueni umeme wa elfu tano papo hapo, msome kwenye ujumbe uniti ngapi zimeingia na deni gani limekatwa. Mkimaliza, piteni kwa mwenyekiti wa mtaa mkajitambulishe. Yeye anajua nyumba ipi ina kesi ya mirathi.

Jioni ya mwisho kila mmoja aandike peke yake, bila kuchungulia: nini siwezi kuvumilia, nini naweza. Ndipo mbadilishane karatasi. Waume, nawaambia kwa upendo, msilipe kodi kabla ya karatasi hiyo. Mke akiandika jambo moja tu chini ya "siwezi", basi mtaa huo umefutwa, tafuteni mwingine mji ule ule.

Mwenye ajira atangulie apange chumba kwa miezi mitatu ya kwanza, familia ibaki. Watoto wahame Desemba ili waanze Januari na wenzao. Aliyeko darasa la saba au kidato cha nne asiguswe katikati ya mwaka, kwa sababu ameshasajiliwa kufanya mtihani kwenye shule aliyopo.