Mume wangu ameacha kusali tangu mama yake afukiwe na udongo

Shangazi, shikamoo. Tunaishi Jinja, tuna watoto watatu. Mume wangu ni Mgisu, kabila la mlima Masaba (Elgon), mashariki ya Uganda. Novemba 2024 mama yake na mdogo wake walifukiwa na maporomoko kule Bulambuli, huko huko mlimani. Mwili wa mdogo wake ulipatikana, wa mama haukupatikana. Tangu hapo mume hakanyagi kanisani na haongei. Kila mwezi anapanda mlimani kuwapelekea pesa watoto wa marehemu mdogo wake, sisi huku tunabanwa. Mchungaji wangu anasema mlima ule umelaaniwa kwa imbalu, ile tohara ya Wagisu, na matambiko, na asipotubu laana itatufikia. Juzi nilitupa malewa ya zamani, vichipukizi vya mianzi vilivyokaushwa, yaliyokuwa jikoni, akatoka akalala nje. Mimi nimeokoka. Je, nibaki kwenye nira na asiyeamini, au nirudi kwetu?
Mama wa Watatu

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa msiba. Kuishi na mtu aliyenyamaza kunachosha, sikatai. Lakini katika barua yako yote hakuna mahali umesema mama mkwe alikuwa mtu wa namna gani, wala kama wewe ulimlilia.

Nianze na malewa, maana umeyapitia mbio kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Aliyeyaleta ni nani? Hukusema. Mimi nathubutu kusema ni yeye bibi, aliyekausha vile vichipukizi vya mianzi kwa moshi wa jiko lake na kuvifunga ili mwanawe ale huko Jinja. Mwanamke huyo hana kaburi. Mwanawe hakupata hata pa kumwaga konzi ya udongo. Kilichobaki cha mikono ya mama yake ni kile kifurushi cheusi chenye harufu ya moshi, nawe ukakitia kwenye takataka. Mwingine angekupiga. Yeye alitoka nje. Kwa hilo niko upande wake, na sitaficha.

Sasa huyo mchungaji. Machi 2010 kule Nametsi, Bududa, udongo ulifukia kituo cha afya pamoja na watu waliokuwemo. Waliokimbilia matibabu walitambikia nini? Desemba 2019 Bududa iliporomoka tena, na kila Mgisu anajua imbalu ni ya miaka inayogawanyika kwa mbili; huo haukuwa mwaka wake. Mlima Masaba una miteremko mikali, mvua yake ni kubwa, watu wamejaa na miti imekatwa wapate pa kulima. Hayo yanatosha kuangusha mlima bila laana ya mtu. Bwana Yesu mwenyewe alilisema jambo hili. Luka 13, mnara wa Siloamu uliua watu kumi na wanane, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu, akajibu: sivyo. Anayemwambia mfiwa kwamba mama yake alistahili, huyo ndiye wa kutubu.

Unasema mumeo haamini. Umejuaje? Mtu aweza kumkasirikia Mungu na bado akawa mtu wake. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na hakuna aliyeiondoa kwenye Biblia. Tena soma Yakobo 1:27 uone dini iliyo safi ni ipi: kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao. Kila mwezi mumeo anapanda mlima kufanya hilo hilo, na wewe unaliandika kama kosa. Kati yenu wawili ninayemwona akiishika dini ni yeye.

Ndoa za siku hizi zinanitia uchungu. Tunafanya kwanjula kubwa, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, magomesi ya akina mama yanang'aa, kanzu zimepigwa pasi, picha hazihesabiki. Hakuna anayemwuliza binti: siku wakwe wakifa, utaweza kulala chini na wenzio kwenye matanga? Ssenga wa zamani, yaani shangazi wa binti, hakukuacha uolewe kabla hajakufundisha hilo. Siku hizi anafundisha mambo ya chumbani tu, kwa malipo, anaondoka. Matokeo yake watu wanaoana na mtu mmoja na kudhani ukoo wake haukuingia mlangoni. Uliolewa na mtoto wa mama yule. Hao yatima wa mlimani ni watoto wako.

Kuhusu nira: hata kama mumeo angekuwa asiyeamini kabisa, Paulo ameandika katika 1 Wakorintho 7:13 kwamba mume akikubali kukaa nawe, usimwache. Mchungaji wako hakukufikisha hapo. Kwenu usirudi.

Mwombe radhi kwa malewa, kwa maneno machache, bila "lakini". Kisha uliza Mbale yanakouzwa, uyapike na karanga kama anavyopenda, na mezani mwambie watoto wanataka kusikia habari za bibi yao. Akinyamaza, nyamaza naye. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno na walifanya vizuri, wakaharibu walipofungua midomo. Usimwitie watu wa maombi nyumbani, wala usimwekee mahubiri ya redio.

Mwezi huu akipanda, panda naye, na watoto wote. Beba sukari na sabuni, wasalimu wazee, na muulize akuonyeshe nyumba ya mama ilipokuwa. Nauli ikiwa shida, ile sadaka ya mkesha iwe nauli.