Muulize Fundi: Skrubu za diski zilizogoma kutoka

Shikamoo fundi. Nina Honda Fit ya mwaka 2009. Pedi za breki za mbele zimekwisha na diski zimechimbika, nikaamua kubadilisha mwenyewe hapa uani. Kalipa, zile zinazobana pedi, nimezitoa bila taabu, ila kila diski ina skrubu mbili za nyota zinazoishika kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na hizo zimekataa katakata. Moja kichwa chake kimeanza kulika. Jirani ananiambia ninunue bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Fundi wa mtaani anasema nizitoboe kwa drili yaishe. Nimsikilize nani?
Msomaji, Likoni

Marahaba mwanangu. Msikilize jirani. Lakini kwanza weka chini bisibisi uliyonayo mkononi, usiijaribu tena hata mara moja. Skrubu hiyo bado inaokoleka, na kila unapoteleza unaipunguzia uhai.

Nimepambana na skrubu hizi tangu nilipokuwa mwanagenzi kwenye gereji moja Changamwe. Ni za milimita 6, na kichwa chake kimezama ndani ya diski. Kiwandani hufungwa kwa nguvu ndogo sana, kama nyutoni-mita 10 hivi, wakati nati za tairi la gari hilo hilo hukazwa kwa 108. Kwa hiyo hakuna aliyeikaza hivyo. Imekazwa na kutu na joto la breki, mwaka baada ya mwaka. Nanyi wa Likoni mnaishi na upepo wa chumvi usiku na mchana.

Sasa tazama umbo la nyota yenyewe. Mbavu zake zina mteremko kidogo, hivyo ukizungusha kwa nguvu bisibisi hupanda na kutoka nje. Mkono wako unatakiwa ufanye kazi mbili pamoja, kuzungusha na kukandamiza, na kadiri unavyozidi kuzungusha ndivyo unavyopungukiwa na nguvu ya kukandamiza. Hapo ndipo kichwa kinapolika. Bisibisi ya kugonga ni chuma kinene cha kushika kiganjani. Ndani yake mna njia ya mshazari inayogeuza pigo la nyundo kuwa mzunguko mdogo, digrii chache tu. Pigo lile lile linaididimiza biti, ile ncha inayoingia kwenye skrubu, ndani ya nyota wakati huo huo inapozunguka, kwa hiyo haipati nafasi ya kuruka. Na mshtuko wake unapasua kutu iliyogandamana kwenye meno ya skrubu. Mimi sijaona kifaa kingine cha bei ndogo namna hiyo kinachofanya mambo matatu kwa pigo moja.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hatukufundishwa, na limeharibu skrubu nyingi hapa pwani. Nyota iliyo kwenye Honda yako ni ya Kijapani. Ile iitwayo Phillips, iliyoanza kutumika kwenye magari ya Marekani miaka ya 1930, ukiiangalia kwa haraka utadhani ni ile ile. Siyo. Ya Kijapani hufuata kiwango cha viwanda vya Japani kiitwacho JIS, na mara nyingi utaona kitone kidogo kimepigwa kwenye kichwa cha skrubu. Ukiingiza biti ya Phillips humo, ncha hugota chini kabla mbavu hazijashika vizuri. Tena saizi: hizi zinataka namba 3. Bisibisi iliyomo karibu kila nyumba ni namba 2, na nadhani ndiyo iliyoanza kuharibu kichwa cha ile moja. Tafuta biti ya JIS namba 3. Ukiikosa, chukua Phillips namba 3 ya chuma kizuri, usage ncha yake kidogo, kama unene wa ukucha, mpaka uone imezama. Inapokaa vizuri haitikisiki kabisa ukiichezesha kwa vidole.

Kazi yenyewe ianze usiku wa kuamkia siku ya kufungua. Sugua nyota kwa msumari au sindano nene mpaka kitako chake kionekane safi, kwa sababu biti haiwezi kuzama kwenye uchafu. Puliza mafuta ya kulegeza kutu, kidogo tu, uyaache yalale. Asubuhi rudisha kalipa pamoja na pedi zako kuukuu, umwombe mtu akae garini akanyage breki, la sivyo diski itazunguka na kumeza nguvu ya pigo. Gari likae juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi, maana utakuwa unapiga nyundo ukiwa umeinama pale pale.

Kabla ya kuweka bisibisi, chukua panchi bapa, uiweke juu ya kichwa cha skrubu na uigonge mara tatu nne. Wengi huiruka hatua hii. Mimi siiruki, kwa sababu kutu huanza kuachia hapo. Kisha hakikisha bisibisi imegeuzwa upande wa kufungua. Bonyeza biti kwenye ubao, gonga taratibu, uangalie inazunguka kwenda wapi. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha hakuangalia, akapiga mapigo kumi akiikaza, na tukapoteza asubuhi nzima. Shika imara, izungushe mwenyewe kuelekea kushoto mpaka ulegevu wote uishe, iwe imesimama wima kabisa na diski, halafu piga. Nyundo iwe ya kilo moja au zaidi kidogo. Nyundo ndogo ya seremala inadunda tu. Pigo moja zito lina faida kuliko ishirini dhaifu, na dhaifu ndiyo yanayosaga nyota. Vaa miwani ya kazi. Nilishawahi kuona kipande cha chuma kikiruka na kumkata mwenzangu chini ya jicho, nusu inchi tu kutoka kwenye mboni.

Ikishasogea, hata kidogo, acha nyundo umalizie kwa bisibisi ya kawaida. Kwa ile iliyolika, paka pesti ya kusagia valvu kwenye biti. Chembe zake zinang'ang'ania chuma. Ukipiga mapigo matatu mazito na bado inateleza, sasa ndipo neno la fundi wa mtaani linafaa: toboa kichwa kwa biti ya drili ya milimita 8 mpaka kiachie, vuta diski, na kipande kilichobaki kwenye habu utakishika kwa koleo la kukaza. Diski nayo ikigoma kwenye habu, usiipige kwa nyundo kubwa, utaumiza beringi. Ina matundu mawili yenye meno. Tia bolti za milimita 8, uzikaze kwa zamu, itajisukuma nje yenyewe.

Je, skrubu zirudishwe? Gari litatembea bila hizo, kwa kuwa kinachobana diski ni nati za tairi. Mimi huzirudisha, tena mpya, zenye grisi ya shaba kidogo kwenye meno. Tairi likitolewa siku ya pancha, diski inabaki imekaa sawa na uchafu hauingii nyuma yake. Safisha habu kwa brashi ya waya kwanza, na futa kila tone la mafuta kabla ya kuweka pedi mpya.

Fundi, ninayo mashine ya betri ya kufungulia nati za tairi. Kwa nini nisitumie hiyo badala ya kupigapiga nyundo?
Msomaji, Kisauni

Kwa nati ni sawa, kwa sababu soketi huikumbatia nati pande zote. Kwa skrubu ya nyota mashine hiyo inazungusha tu, haikandamizi. Kukandamiza kunabaki kuwa kazi ya mkono wako, na mkono hauwezi kushindana na kasi ile. Nyota inakwisha kabla hujaachia kidude. Nimeletewa magari kadhaa yenye vichwa laini kama kikombe kwa sababu hiyo. Skrubu ikishaachia kwa nyundo, hapo mashine imalizie ukitaka, kwa mwendo wa polepole.

Nilinunua seti ya bisibisi ya kugonga kwa bei nafuu sana. Biti ya kwanza imepinda, ya pili imevunjika kona. Kosa ni langu au la kifaa?
Msomaji, Mtwapa

La biti, ndugu yangu. Mwili wa bisibisi mara nyingi huwa mzuri hata kwenye seti za bei ndogo, ila biti zake ni chuma laini. Usitupe mwili. Nunua biti moja tu ya namba 3 yenye ubora, upime kwanza shina lake lilingane na tundu la kishikio chako. Ukitaka kuitumia kwa bolti, toa kishikio cha biti, uvalishe soketi kwenye ile shina ya mraba wa nusu inchi. Iwe soketi nyeusi nene iliyotengenezwa kwa kazi ya kupigwa. Ile ya kung'aa inapasuka. Na usiipeleke bisibisi hii kwenye skrubu ndogo za kabureta wala kwenye plastiki ya taa. Huko pigo moja linapasua kitu ambacho hukukusudia kukigusa.